Namna ya Kuzipima Habari za Utafiti wa Usonji Kabla ya Kuzileta kwa Mtoto

Tarehe 22 Septemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba matumizi ya parasetamoli wakati wa ujauzito yanaweza kuhusishwa na usonji (autism), hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano ya mtoto na watu, na kufikia asubuhi iliyofuata habari hiyo ilikuwa imekwisha kunifikia kwenye simu mara nne, kutoka kwa watu wanne tofauti. Watatu waliituma bila neno lolote. Wa nne, wifi yangu, aliuliza swali moja tu: "Ulimeza ngapi, wifi?" Ni kweli nilimeza. Nilikuwa na ujauzito wa miezi mitano, malaria imenishika, na homa ilinitetemesha mpaka kitanda kikawa kinalia. Mwanangu sasa ana miaka tisa na ana usonji, na swali lile lilinikalisha ukingoni mwa kitanda asubuhi nzima nikihesabu vidonge nilivyomeza kabla yeye hajazaliwa.

Mwongozo huu nimemwandikia mzazi aliyekaa ukingoni hapo. Unaeleza namna ya kuishika habari ya kisayansi inayohusu usonji, kuiuliza maswali machache, kuamua kama inabadilisha chochote katika malezi ya mtoto, na kuiweka kando ikiwa haibadilishi. Maswali yenyewe ni matatu. La kwanza: walichunguzwa watu wangapi, na walilinganishwa na nani? La pili: habari inahusu chanzo cha usonji, utambuzi wake, au msaada anaoweza kupewa mtoto? La tatu: kesho mtoto akiamka, nitafanya nini ambacho leo sikukifanya? Kwa uzoefu wangu, habari nyingi zinazosambazwa kwenye simu haziwezi kulivuka swali la kwanza.

Anza na ulinganisho

Chukua habari hiyohiyo ya parasetamoli. Zipo tafiti kadhaa zilizoona kwamba watoto wa kina mama walioitumia dawa hiyo wakiwa wajawazito hutambuliwa kuwa na usonji kwa kiwango kilichozidi kidogo. Lakini mwanamke anayemeza dawa ya homa ana homa, au ana maumivu, au ana maambukizi. Na kila familia ina urithi wake wa damu. Ukilinganisha mama aliyemeza na jirani yake ambaye hakumeza, utakuwa umelinganisha mambo mengi kwa pamoja, na huwezi kujua ni lipi lililoleta tofauti.

Watafiti wa Sweden walitafuta njia ya kulifungua fundo hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la kitabibu la JAMA, walifuatilia kumbukumbu za watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019. Walipowatazama watoto wote kwa pamoja, waliiona ile tofauti ndogo. Kisha wakalinganisha ndugu wa tumbo moja, ambao mama yao alitumia dawa katika ujauzito mmoja na hakuitumia katika mwingine, na hapo tofauti ikatoweka. Ndugu hao wana mama yuleyule na sehemu kubwa ya urithi uleule. Ikiwa dawa ndiyo iliyokuwa ikileta usonji, tofauti ingebaki. Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza mwezi huohuo wa Septemba 2025 kwamba hakuna ushahidi thabiti unaothibitisha uhusiano huo.

Ukiliendea swali la tatu, jibu lake kwa mjamzito wa kwetu ni wazi: homa kali ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo aende kituo cha afya, apimwe malaria, na atumie dawa kwa kipimo alichoandikiwa. Wifi yangu nilimweleza hivyo hivyo, na ninashukuru kwamba alinisikiliza hadi mwisho.

Hofu ya chanjo hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Makala ya mwaka 1998 iliyoiunganisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilisimama juu ya watoto 12, bila kundi lolote la kulinganisha, na jarida la The Lancet liliifuta mwaka 2010 baada ya kubainika kwamba ilikuwa na maelezo yasiyo ya kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 657,461, waliochanjwa na wasiochanjwa, na hawakuona ongezeko lolote la usonji kwa waliochanjwa. Surua inaua watoto. Usiache kumpeleka mtoto kwenye chanjo kwa sababu ya ile makala iliyofutwa.

Kuna pia tafiti ndogo zenye heshima yake, na hizo zinahitaji kusomwa kwa namna nyingine. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa kuhusu kundi dogo la watoto wa Tanzania, ambamo baadhi yao dalili zilijitokeza baada ya kupona maradhi makali, malaria ikiwemo. Taarifa ya namna hiyo huibua swali ambalo tafiti kubwa zinapaswa kulifuatilia, na watafiti wanaoiandika hulijua hilo. Mzazi asiigeuze kuwa hukumu. Kinachofaa kuchukuliwa ni jambo lililokuwa la lazima tangu zamani: mtoto mwenye homa na degedege awahishwe hospitali, na alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Kuhusu idadi zinazotisha, neno moja linatosha. Marekani ilitangaza mwaka 2025 kwamba mtoto mmoja kati ya 31 wenye umri wa miaka minane ana usonji, kwa hesabu ya mwaka 2022 katika maeneo yaliyochunguzwa, ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja kati ya 127 duniani kote. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na nani anayepimwa na kwa kigezo kipi. Maana ya usonji ilipanuliwa mno kuanzia miaka ya 1980, na mtoto ambaye zamani angeitwa mkaidi au bubu leo anafikishwa kliniki.

Habari za chanzo: zinachosema na zisichosema

Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya daktari Leo Kanner kuandika maelezo ya watoto 11 wenye usonji, mwaka 1943 huko Baltimore, Marekani, wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto hupata hali hiyo kwa sababu mama yake hana upendo. Huku kwetu lawama huja kwa sura nyingine, ya kurogwa, ya majini, ya mkosi aliouleta mke, lakini anayeibeba ni mama yuleyule. Ndiyo maana ninapenda kila mzazi aujue utafiti wa mapacha uliofanywa Uingereza na Susan Folstein na Michael Rutter na kuchapishwa mwaka 1977. Walichunguza jozi 21 tu. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Katika aina zote mbili, kila jozi ililelewa na mama mmoja katika nyumba moja, lakini mapacha wanaofanana wanashiriki jeni (chembe za urithi) zote, kwa hiyo tofauti hiyo ilielekeza kwenye urithi, si kwenye upendo wa mama.

Utafiti ule ulikuwa mdogo, ila uliofuata umeuunga mkono. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa watu zaidi ya milioni 2 kutoka Denmark, Finland, Sweden, Israeli na Australia Magharibi, ambao ulikadiria kwamba karibu asilimia 80 ya tofauti baina ya watu katika uwezekano wa kuwa na usonji inatokana na urithi. Tafadhali isome sentensi hiyo mara mbili. Haisemi kwamba mtoto wako wa pili ana uwezekano wa asilimia 80, wala haisemi kwamba mmoja wa wazazi "ameleta" jeni mbaya. Jeni zinazohusika ni mamia, nyingine huzuka upya kwa mtoto bila kuwepo kwa baba wala mama, na nyingi zina mchango mdogo mdogo unaojikusanya.

Kwa mdogo wake mtoto mwenye usonji, takwimu inayofaa ni nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia wadogo 1,605 tangu uchanga, ulikuta kwamba mmoja kati ya watano naye alitambuliwa kuwa na usonji alipofika miaka mitatu. Hii ni habari inayobadilisha jambo. Ukijifungua tena, mtazame mtoto huyo kwa makini tangu akiwa na miezi tisa, bila hofu, na usikubali kuambiwa "atasema tu, wavulana huchelewa".

Mwezi Julai 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na Wakfu wa Simons walichapisha katika jarida la Nature Genetics uchambuzi wa watoto 5,392 wenye usonji, waliowagawa katika makundi manne kwa kutazama mamia ya sifa zao: namna ya kuongea, usingizi, wasiwasi, umri wa kutembea na kadhalika. Kisha wakaona kwamba kila kundi lina mwelekeo wake wa jeni, na kwamba katika baadhi ya makundi jeni zinazoguswa hufanya kazi mtoto akiwa bado tumboni, ilhali katika kundi lingine hufanya kazi zaidi baada ya kuzaliwa. Kwa familia, utafiti huu bado hauleti kipimo cha damu wala dawa. Unachokitoa ni sababu ya msingi ya kutomlinganisha mtoto wako na wa jirani: kilichomsaidia yule huenda kisimguse wako, kwa kuwa hali zao zinatofautiana tangu mwanzo ingawa jina ni moja.

Ukumbuke pia kwamba sehemu kubwa ya sampuli za jeni duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mradi wa NeuroDev, unaofanywa Kilifi nchini Kenya na Cape Town nchini Afrika Kusini, unakusanya taarifa na sampuli za watoto wa Kiafrika wenye usonji na hali nyingine za ukuaji. Familia ikialikwa kushiriki utafiti wa aina hiyo, iulize mambo yafuatayo kabla ya kutia sahihi: sampuli zitahifadhiwa wapi na nani atazitumia, je, tutapewa majibu yanayomhusu mtoto wetu, na tukiamua kujitoa, huduma za mtoto hospitalini zitaendelea? Mtafiti mwaminifu hujibu maswali hayo kwa Kiswahili chepesi, na hakuharakishi.

Kinachobadilisha kesho asubuhi

Sehemu hii ndiyo inayonifanya niandike. Miongoni mwa habari zote za sayansi ya usonji, iliyo na manufaa zaidi nyumbani ndiyo isiyosambazwa, pengine kwa kuwa haina dawa ya kuuza. Katika jaribio la Uingereza liitwalo PACT, watoto 152 wenye umri wa miaka miwili hadi minne waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao walipata huduma za kawaida; wazazi wa nusu nyingine, pamoja na huduma hizo, walirekodiwa kwa video wakicheza na watoto wao, kisha wakaitazama video hiyo pamoja na mtaalamu ili waone ishara ndogo za mtoto zilizokuwa zikiwapita. Matokeo ya kuwarudia watoto hao takribani miaka sita baada ya mafunzo kwisha yalichapishwa mwaka 2016: wenye dalili nzito walikuwa asilimia 46 katika kundi la mafunzo, na asilimia 63 katika kundi jingine. Hakuna aliyedai kwamba usonji umeondoka. Mawasiliano ndiyo yaliyoimarika.

Mwaka huohuo yalichapishwa pia matokeo ya kuijaribu njia hiyo, ikiwa imerekebishwa, huko Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan kwa watoto 65, ikifundishwa na wahudumu wa afya wasio mabingwa, na watoto walianza kuyaanzisha mawasiliano wenyewe mara nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo yake kwa walezi, ya vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, ambayo yamefanyiwa utafiti Ethiopia na Kenya. Uliza katika hospitali au chama cha wazazi kilicho karibu nawe kama yanatolewa. Kama hayapo, misingi yake unaweza kuanza nayo leo.

Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu alipenda kuzungusha vifuniko vya sufuria sakafuni. Nilikuwa namnyang'anya, analia, nampa gari la kuchezea, analitupa. Baadaye nilifundishwa kukaa chini. Nilikaa mbele yake, macho yetu yakawa usawa mmoja, nikachukua kifuniko cha pili nikakizungusha kama yeye. Hakunitazama. Nikakizungusha tena, nikasema neno moja, "Zunguka!", nikanyamaza. Siku ya nne, kifuniko changu kilipoanguka na mimi nikatulia bila kukiinua, aliushika mkono wangu akausukuma kuelekea kile kifuniko. Nilikuwa nimengojea miaka mitatu aniombe kitu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tenga nusu saa kwa siku, hata kama ni vipande vya dakika kumi kumi, televisheni ikiwa imezimwa. Fuata anachokitazama yeye, usimvute kwenye unachokitaka wewe. Igiza anachofanya. Sema maneno machache, na ikiwa bado hasemi, neno moja moja linatosha. Ikiwa anasema moja, wewe sema mawili: akisema "maji", jibu "maji baridi". Kisha ngoja. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kusema tena, kwa maana mtoto mwenye usonji mara nyingi huhitaji muda mrefu kuliko tunaompa, na sisi wazazi huujaza ukimya kwa maswali: hii nini, hii rangi gani, sema mama. Ishara yoyote atakayoitoa, iwe mguno, kuusukuma mkono wako au kutupa jicho la haraka, ijibu kama ungejibu neno. Mara moja kwa wiki mwombe mtu wa nyumbani awarekodi kwa simu dakika tano, na usiku mtoto akilala itazame, uhesabu mara ngapi alikuita na hukumwona. Mara ya kwanza nilihesabu saba.

Lugha ya kutumia ni ile uliyonayo moyoni. Nimekutana na wazazi walioambiwa waache Kigiriama, Kichaga au hata Kiswahili na wamsemeshe mtoto Kiingereza pekee, eti lugha mbili zinamchanganya. Tafiti zilizowalinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazikuona kwamba lugha ya pili huwachelewesha. Mtoto aliyetengwa na lugha ya bibi yake ametengwa na bibi yake. Vivyo hivyo, kutumia picha, ishara za mikono au programu ya simu inayotamka maneno hakumzuii mtoto kuongea. Humpa njia ya kuomba wakati maneno bado hayajafika. Na yanaweza kufika kwa kuchelewa: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, miongoni mwa watoto 535 ambao wakiwa na miaka minne hawakuwa wakiunganisha maneno, asilimia 70 walikuja kusema vifungu vya maneno au sentensi walipofika miaka minane au baada ya hapo.

Unapouziwa tiba

Mwanangu alipotimiza miaka minne nilinunua kopo la unga kutoka kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba unasafisha sumu kwenye ubongo. Ulinigharimu shilingi laki moja na nusu, na mtoto aliharisha siku mbili. Sikuwa nimeuliza walilinganishwa na nani. Kisa cha sekretini kinaonyesha kwa nini swali hilo lina uzito: mwishoni mwa miaka ya 1990 homoni hiyo ya utumbo iligombaniwa Marekani baada ya watoto watatu kuonekana wamepata nafuu, jaribio la mwaka 1999 liliwachoma sindano yake baadhi ya watoto na wengine wakachomwa maji ya chumvi, wazazi wasijue nani kapata nini, na makundi yote mawili yakaonekana kupata nafuu sawa. Matumaini ya mzazi hubadilisha anachokiona, na huo si udhaifu wa mtu mmoja.

Leukovorini, aina ya foleti (vitamini ya kundi B) iliyotajwa kuwa tiba katika tangazo lile la Septemba 2025, ilikuwa imejaribiwa kwa watoto wachache tu. Izungumzie na daktari, usiinunue kwa kusikia. Dawa ya klorini inayouzwa kama "madini ya muujiza", na dawa za kuvuta metali mwilini, zikatae moja kwa moja: mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano alifariki Pennsylvania akipewa hizo za pili. Risperidoni na aripiprazoli zina ushahidi wa kupunguza hasira kali na kujiumiza, huandikwa na daktari na hufuatiliwa kwa kumpima uzito. Usingizi na kifafa visisahaulike. Mtoto anayeganda na kukodoa macho kwa sekunde kadhaa, asisikie akiitwa, achunguzwe.

Siku ya kliniki

Nenda bila kusubiri ikiwa mtoto wa mwaka mmoja haitiki jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole wala kupunga mkono. Ikiwa wa miezi 16 hana neno. Ikiwa wa miaka miwili haunganishi maneno mawili. Au ikiwa mtoto wa umri wowote amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Kati ya miezi 16 na 30 lipo dodoso la maswali 20 liitwalo M-CHAT-R. Ombeni lijazwe, mkijua kwamba dodoso huonyesha nani achunguzwe zaidi, na si hukumu. Nchini Kenya vituo vya tathmini ya elimu maalumu, EARC, huwapokea watoto hao bila kusubiri umri wa shule; Tanzania baadhi ya shule za msingi, kama Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, zina kitengo cha wanafunzi wenye usonji.

Chukua kadi ya kliniki, video mbili fupi kwenye simu, moja mtoto akicheza peke yake na moja akiwa nawe, na daftari lenye tarehe: lini alikaa, lini alitembea, neno la kwanza lilikuwa lipi, anakula nini, analala saa ngapi. Omba kwanza kipimo cha masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia naye haitiki jina. Majibu yakitolewa, mwombe daktari ayaandike kwa maneno unayoyaelewa, na kabla hujatoka chumbani uliza tarehe ya kurudi, kisha iandike kwenye kadi.